Mahali Athi Inaishia

Kabla sijasema lolote kuhusu Mukonyo, wacha nikubali kwamba mimi ndiye nilimsumbua kuliko wote. Watu wa Kitengela husema Nyakio wa nafaka ana mdomo, na sina haja ya kukataa. Niko na kibanda changu soko la Noonkopir tangu 1991, na mtu akijaribu kuniongezea kidole ndani ya mkebe wa gorogoro ninaopimia maharagwe, anarudi kwake akijua mimi ni nani. Mukonyo naye ni jirani yangu kwenye ploti moja, ukuta kwa ukuta. Nikikohoa anasikia. Kwa hivyo haya si ya kuambiwa.

Alikuja kutoka Mwala mwaka wa 1988, mke mchanga wa Munguti, wana mtoto wao wa pekee, Evalyne. Mukonyo akaandikwa shamba la maua, upande wa kupanga waridi kwa urefu. Siku nzima amesimama na gambuti, waridi la sentimita sitini huku, la hamsini kule, na baada ya miaka michache hakuhitaji rula tena. Ukimwonyesha kitambaa cha pazia anakuambia kitapungua wapi. Nilikuwa namtania, "Mama Evalyne, hata bwana yako ulimpima kabla ya kumkubali." Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Munguti alikuwa mrefu kweli, akiingia kwangu anainama.

Munguti alikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la mchanga. Ile miaka, upande wa machimbo, hakukuwa na daraja kwenye mto Kitengela. Kulikuwa na drifti ya simiti tu, maji yanapita juu yake. Maji yakipanda, kazi ya tanboi ni kushuka, kukunja suruali na kutangulia mbele ya lori na fimbo, akipapasa kama simiti bado iko. Dereva anamfuata polepole. Novemba 1997, El Nino ikiwa imetukaba, Munguti alitangulia hivyo asubuhi moja, maji ya magoti. Dereva alieleza kwamba alimwona akigeuka na kuinua mkono, yaani simama hapo. Halafu maji mengine yakaja kutoka juu kwa kishindo, na hakukuwa na mtu. Walimtafuta siku tisa. Hawakupata hata kiatu.

Tulijua amekufa. Kila mtu alijua. Mukonyo peke yake ndiye hakusema. Si kwamba alikuwa amechanganyikiwa, hapana. Alirudi kazini baada ya wiki mbili, alisomesha msichana wake, Jumapili alikuwa kanisani na kitambaa cheupe. Lakini hilo neno moja lilikataa kumtoka. Pastor akitaka ibada ya ukumbusho, anaambiwa, "Ngoja kidogo, pastor." Shemeji yake Muthama, kaka mkubwa wa Munguti, akitoka Mwala kuja kuuliza, anaambiwa, "Bado, shemeji." Fomu ikiuliza mume yuko hai ama ni marehemu, anaacha nafasi wazi na kuirudisha hivyo. Miaka saba.

Ingekuwa ni yeye tu, tungemwacha. Lakini mwaka wa 2004 Evalyne alipata mchumba, kijana mpole anaitwa Maweu, mwalimu wa shule ya msingi huko Kajiado. Watu wa Maweu wakataka kuleta mbuzi za kuanzisha uchumba, zile Wakamba wanaita ntheo. Sasa Muthama ni mtu wa utaratibu. Akasema yeye hawezi kukalia kiti cha ndugu yake kupokea mbuzi mpaka mke wa ndugu yake atamke kwamba kiti kiko wazi. "Mama Evalyne aseme. Akisema bwana yake yuko hai, tutamngoja pamoja. Akisema alikufa, tufanye ibada, halafu wageni waje." Mara mbili siku ikapangwa, mara mbili Mukonyo akasema tungoje. Mara ya pili Evalyne alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya gunia la ndengu, akalia bila sauti. Wajomba wa Maweu walikuwa wameanza kuuliza kama hii familia inawataka ama inawachezea.

Nilifunga kibanda mapema siku hiyo. Niliingia kwa Mukonyo bila hodi, nikamkuta anachambua sukuma.

"Mukonyo, mtu alikufa," nikamwambia. "Sema tu alikufa. Ni neno moja. Unataka huyu msichana azeeke hapa ukimwangalia?"

Hakuacha kuchambua. "Nyakio, wewe ulimzika bwana yako. Ulimwaga udongo na mkono wako, nilikuwa nimesimama hapo kando yako. Mimi nikisema, nitakuwa nimemzika wapi?"

Nilitoka nikiwa bado nimekasirika, sasa hata sijui nimemkasirikia nani.

Chama chetu cha kuchanga pesa kilikuwa na wamama wanane. Tulianza 1993 kwa kununuliana sufuria, tukaingia matangi ya maji, na kila mtu alipopata tangi, Nyawira fundi wa nguo akauliza ni lini tutaona hii nchi kabla hatujaingia kaburini. Tukakubaliana: zamu yako ikifika unachagua safari, na wenye nafasi wanakusindikiza. Sheria ilikuwa moja, nimeiandika mwenyewe kwa kitabu kwa sababu mimi ndiye karani: mwenye zamu haulizwi kwa nini. Zamu yangu niliwapeleka Loitokitok kuona Kilimanjaro. Tulilala kwa binamu yangu huko Entarara siku mbili, tukala kabichi asubuhi na jioni, na mlima haukutoka kwa mawingu hata dakika moja. Mpaka leo wananicheka.

Februari 2005 ikawa zamu ya Mukonyo. Tulikuwa kwa Nyawira, chai iko mezani.

"Nataka tufuate mto Athi mpaka mahali inaishia," akasema.

Mto Kitengela unaingia Athi, hakuna asiyejua hilo. Nyawira akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mukonyo akanitazama mimi, si wale wengine.

"Nikiona mwisho wake, nitampatia Muthama jibu. Vile nitaona ndivyo nitasema."

Nikaandika kitabuni: Safari ya Mombasa. Ndiyo, Mombasa. Mimi nimezaliwa Nyeri ndani kabisa. Maisha yangu yote kitu kikienda baharini kinaenda Mombasa. Lori zinaenda huko, gari moshi linaenda huko, kwa nini mto uende kwingine? Nikapiga simu nyumba ya wageni ya kanisa moja huko Mombasa nikaweka vitanda vitano. Mukonyo aliona nikiandika na hakusema kitu, kwa sababu hata yeye aliamini kwamba mto ukifika baharini, utafika huko.

Tuliondoka Jumatano asubuhi: mimi, Mukonyo, Nyawira, Mama Lesiamon, na dereva wetu Joram na Nissan yake. Mama Lesiamon ni Mmaasai wa huko nyuma ya Kitengela, mtu wa maneno machache na shanga nyingi. Joram ni Mkikuyu mwenzangu, shemasi, na yeye anaweza kuendesha kutoka hapa mpaka Namanga akiwa amesema "mm" mara tatu.

Tulianza na maporomoko ya Fourteen Falls, chini ya mlima Donyo Sabuk. Mlima wenyewe umevaa msitu mpaka kichwani, na chini yake mto unajirusha kutoka kwenye mawe mahali pengi kwa pamoja, mpana, povu tupu. Nyawira alitaka picha. Mimi nilitaka kukaa chini ya kivuli nile mkate wangu. Mukonyo hakuyatazama maporomoko. Alishuka pale chini mahali maji yanatulia na kuanza safari tena, akayatazama yakiondoka.

"Mtu akianguka hapa," akauliza, "anatokea wapi?"

Mwishowe Joram akasema, "Anaendelea, mama." Ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu ya siku hiyo.

Tulilala Sultan Hamud. Asubuhi tukiwa tumepita Emali, Nyawira akapiga kiti cha dereva kofi, simama, simama. Kilimanjaro ilikuwa imetoka yote, theluji, mabega, kila kitu, bila wingu hata la kufutia jasho. Tulishuka kando ya barabara tukasimama hapo kwenye nyasi kavu.

"Nyakio, mlima umekusamehe," Nyawira akasema, na hata Mukonyo alicheka. Nilifurahi kumsikia, ulikuwa muda mrefu.

Kutoka hapo ni milima ya Chyulu mkono wa kulia, kijani mpaka unajiuliza mvua wanaipata wapi. Kibwezi tukaacha lami, tukakata kushoto barabara ya Kitui mpaka darajani. Athi ilikuwa hapo, imekuwa mto mkubwa sasa, rangi ya chai ya maziwa, na nyuma yake Yatta, ule mlima mrefu uliokatwa juu sawasawa, hauna mwanzo wala mwisho. Mto unatembea chini yake kimya kimya. Tulikaa darajani karibu saa nzima. Mukonyo alirusha tawi upande wa juu, akavuka barabara, akalingoja upande wa chini. Lilitokea. Akarusha lingine. Nikaanza kusema tumechelewa, Mama Lesiamon akanigusa bega, nikaacha.

Mtito Andei gurudumu likaishiwa na pumzi. Yule mtu wa pancha alikuwa mzee kidogo, mchangamfu, akauliza tunaenda wapi. Nikamwambia tunafuata Athi mpaka Mombasa. Akaweka spana chini.

"Athi haifiki Mombasa, mama. Inaingia hapa Tsavo inaitwa Galana. Inaenda inatokea Malindi, huko wanaiita Sabaki."

Nilimbishia. Nilimbishia dakika kumi nzima, mtu amezaliwa hapo, mimi wa Nyeri namfundisha mto wake. Joram, bila neno, akatoa ramani chini ya kiti na kuitandaza juu ya boneti. Nikafuata mstari na kidole. Malindi. Nikasikia masikio yakiwaka moto, nikaanza kufikiria vile nitaongea na watu wa vitanda. Ndipo nikamwona Mukonyo. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono imelala magotini.

"Kumbe inafika baharini," akasema.

"Kwani ulifikiria nini?"

Akaeleza polepole, na sijui kama aliwahi kumweleza mtu mwingine. Ile miaka yote, kila aliyesafiri kwenda Mombasa, mtu wa kanisa, mtu wa shamba la maua, hata yule muuza mitumba wetu, Mukonyo alimwomba aangalie kama kuna mto mkubwa wa maji ya udongo unaoingia baharini. Wote walirudi wakasema hakuna. Wako na uhakika? Wako na uhakika. Basi akajiwekea hesabu yake. Kama Athi haifiki baharini, basi inaishia nchi kavu mahali. Inapanuka, inapungua, inakuwa ya magoti, ya vifundo. Na mtu akisukumwa mpaka nchi kavu anaweza kusimama na kutoka. Labda ameumia kichwa, labda amesahau nyumbani, lakini ametoka.

"Walikuwa wanasema kweli," akasema. "Ni mimi nilikuwa nawatuma mahali si pake."

Hata mimi, na mdomo huu wangu, niliona ni afadhali niangalie gurudumu likifungwa. Nilikuwa nimeandika Mombasa kwa kitabu kwa mkono wangu. Wote tuliamini. Hatukujua tu kwamba kuna mtu ambaye kosa hilo ndilo lilikuwa linamweka mume wake hai.

"Turudi?" Joram akauliza.

"Hapana," Mukonyo akajibu. "Nilisema nitaona."

Tukalala Voi, na siku ya tatu tukaingia mbuga ya Tsavo kufuata Galana. Udongo wa huko ni mwekundu mpaka ndovu ni wekundu. Mto unakwenda kando ya barabara, mpana na mtulivu, mikoma imesimama kingoni, halafu ghafla hauuoni. Ni maporomoko ya Lugard. Mto mzima, ule tuliouona Kibwezi umejaa daraja, unaingizwa ndani ya ufa wa mawe mwembamba hivi kwamba mtu anadhani anaweza kuuruka. Mawe yenyewe yamechongwa na maji, yana mistari ya waridi na kijivu na meupe, yamejikunja, yana mashimo ya mviringo mtu anaweza kufulia nguo. Ni mahali pazuri sana, nisidanganye. Chini huko, maji yanalia. Na baada ya ufa, kwenye bwawa, mamba wamelala na midomo wazi.

Mukonyo alisogea mpaka ukingoni. Mama Lesiamon akamfuata na kumshika leso, pale kwenye fundo mgongoni.

"Siruki, Mama Lesiamon," akasema bila kugeuka.

"Najua. Nashika tu."

Wakakaa hivyo muda mrefu, mmoja anatazama chini, mwingine ameshika fundo. Najua kitu Mukonyo alikuwa akifanya. Alikuwa akipima. Upana wa ule ufa, urefu wa Munguti. Hakuna mtu katika Kenya hii angepima vizuri kumshinda. Aliporudi alikaa ndani ya gari na hakula chochote mpaka Malindi.

Asubuhi ya Jumamosi tukavuka daraja la Sabaki, tukaacha gari, tukatembea mchangani kati ya mivinje mpaka mdomo wa mto. Sikuwa nimewahi kuona bahari. Nilifikiri nitashangaa, lakini macho yangu yalikuwa kwa Mukonyo. Mto ulikuwa umepungua na kiangazi, umetawanyika, maji ya vifundo, ndege wa rangi ya pinki wamesimama katikati. Maji ya udongo yanaingia kwenye maji ya buluu na hayachanganyiki papo hapo. Yanaendelea kwa umbali, barabara ya kahawia inayokwenda ndani ya bahari, halafu haipo.

Kulikuwa na mama mmoja akiokota miti iliyoletwa na mto, anafunga mizigo. Alituamkia, akatuambia anaitwa Kadzo, akauliza tunatoka wapi. Tukamwambia bara, kule mto unakotoka.

"Basi kuni hizi ni zenu," akasema na kucheka. "Miaka yote mwatuletea."

Mukonyo akavua viatu, akaingia majini mpaka karibu naye. "Mwaka ule wa mvua kubwa, ile ya El Nino, mto ulileta nini kingine?"

Kadzo akaacha kucheka. Aliona uso. Akaweka kuni chini kabla ya kujibu.

"Ulileta kila kitu, dada. Ng'ombe, milango ya watu, magodoro. Na watu watatu. Wanaume wa kijiji waliwatoa, wakawavisha sanda, wakawazika pale juu, nyuma ya mivinje. Hatukuwajua majina. Tuliwaombea tu."

"Kulikuwa na mrefu?"

"Nisikudanganye, mwenzangu. Walikaa majini sana. Waliowaona hawakutaka kusema." Akapangusa mikono kwenye leso. "Nawe wamtafuta nani?"

Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yao, maji ya vuguvugu yananipita vidoleni. Nilimwona Mukonyo akitazama nyuma, kule mto ulikotoka, kisha mbele. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ya kutaja urefu wa waridi.

"Mume wangu, Munguti. Alikufa Novemba mwaka huo."

"Pole, dada," Kadzo akasema. "Mungu amrehemu."

Miaka saba nilikuwa nimedai hilo neno. Nimelidai sokoni, nimelidai kanisani, nimeingia kwa nyumba ya mtu bila hodi kulidai. Sasa lilikuwa limetoka, na nilitaka alirudishe. Nilitaka aseme bado, tungoje kidogo. Kumbe huo ukaidi wake mimi nilikuwa nautegemea. Kwenye ploti yetu ya wajane, kulikuwa na mlango mmoja ambao mwanamume bado angeweza kuinama na kuingia, na mimi ndiye nimekuja mpaka baharini kuufunga. Nikakaa chini mchangani, mtu mzima, na gauni langu la safari, nikalia. Nililia kwa ajili ya Munguti na kwa ajili ya wangu, ambaye nilimzika vizuri kabisa na kila kitu kikaandikwa.

Mukonyo ndiye alikuja kunishika mkono. "Simama, Nyakio. Nipatie simu nimpigie Muthama."

Aliongea naye kwa Kikamba, dakika mbili hivi. Alimwambia ibada ifanywe mwisho wa mwezi, halafu watu wa Maweu wakaribishwe, na yeye Muthama ajiandae kupokea mbuzi. Kisha Mukonyo akamwomba Kadzo tawi la kufagilia, akapanda nyuma ya mivinje, kwenye yale makaburi matatu yaliyozungushiwa mawe ya matumbawe. Akainama, akaanza kuondoa majani makavu. Alifagia yote matatu, pole pole, kwa sababu hakujua lipi ni lake.